KARURA: MSITU AMBAMO BAISIKELI HAIOGOPI MOTOKAA

Huenda nyumbani kwako yupo mtoto wa miaka tisa au kumi ambaye kila juma akuomba jambo lile lile: "Baba, ninunulie baisikeli." Nawe kila juma wamjibu, "Ngoja kwanza." Si kwamba humpendi, wala si shauri la fedha peke yake. Waijua barabara iliyo mbele ya mlango wako. Matatu hupita zikishindana, pikipiki hupanda mpaka njia ya waendao kwa miguu, na dereva wa lori, akiwa juu kule alikokaa, hamwoni mtu mdogo. Katika nchi ya Kenya, kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024, watu zaidi ya 4,000 walikufa kwa ajali za barabarani, na kundi kubwa kupita yote lilikuwa la watu waliokuwa wakienda kwa miguu. Basi mzazi asemaye "ngoja" hana lawama.

Lakini miaka haingoji. Mtoto aliyekuwa na kumi sasa ana kumi na mitano, naye haombi tena. Anajua kutazama picha za watu waendeshao baisikeli. Yeye mwenyewe hajui. Wazee wetu walijifunza kijijini, katika vijia vya mashamba, wakianguka katika majani na kuinuka wakicheka. Makatekista wetu walizunguka vigango vyote kwa baisikeli moja, wakiwa wamefunga vitabu nyuma kwa mpira. Je, sisi tulio mjini tutawarithisha watoto wetu woga tu?

Leo nataka kukuonyesha mahali ambapo neno "ngoja" laweza kukoma. Hapo ni msitu wa Karura, katika jiji la Nairobi.

MSITU NDANI YA JIJI

Karura upo upande wa kaskazini, kilometa chache tu toka katikati ya jiji, karibu na Gigiri ambako Umoja wa Mataifa una ofisi zake kubwa. Ukubwa wake ni hekta 1,041 hivi. Ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Barabara ya Limuru na Barabara ya Kiambu zimeukata, hata umekuwa na sehemu tatu. Ile ya katikati ndiyo kubwa.

Ndani yake zimo njia za kutembelea ambazo urefu wake, zikiunganishwa zote, wapita kilometa 50. Nyingine ni za miguu tu, na nyingine zimeruhusiwa baisikeli. Motokaa za wageni huachwa mahali pake karibu na malango. Ukishapita hapo, wenzako wa njiani ni watu waendao kwa miguu, wakimbiaji wa mazoezi, watu na mbwa wao waliofungwa kamba, na waendesha baisikeli kama wewe. Mara chache sana utaona gari la kazi la watu wa misitu, likienda polepole.

Sikiliza, basi, ni nini maana yake kwa mtu wa mjini. Kwa nusu saa, labda kwa saa mbili, hutageuza shingo kutazama nyuma. Hutamwambia mtoto, "Kaa pembeni! Kaa pembeni!" Atakwenda mbele yako katika njia nyekundu, chini ya miti, nawe utasikia magurudumu yake tu na sauti za ndege. Mzazi aliyezoea kumshika mwanawe mkono kwa nguvu kila siku atajiona mikono yake imelegea, naye atajua kwa mara ya kwanza jinsi ilivyokuwa imekaza.

NJIA ZILIVYO

Usidhani msitu huu ni tambarare kama uwanja wa mpira. Mito yapita ndani yake, na kila mto una bonde lake. Kwa hiyo njia huteremka, huvuka maji, kisha hupanda tena. Mtu mzima aliyekaa ofisini miaka kumi ataona habari zake katika kupanda. Asione haya kushuka na kusukuma. Hata vijana husukuma. Kumbuka pia kuwa Nairobi iko juu sana, zaidi ya meta 1,600 toka usawa wa bahari, na mgeni atokaye Mombasa au Dar es Salaam atahema upesi kuliko alivyozoea.

Udongo ni mwekundu, na mahali pengine umetiwa changarawe. Wakati wa kiangazi una vumbi, lakini tairi hushika vizuri. Katika mvua za masika, Machi mpaka Mei, na katika zile fupi za Oktoba mpaka Desemba, huteleza kama sabuni. Ukiweza, mara ya kwanza chagua siku kavu.

Katika njia panda nyingi utaona vibao vyenye namba. Wafundishe watoto kuzisoma namba hizo na kuzikumbuka. Mkipoteana, anayejua kusema "nipo penye namba fulani" hajapotea. Anayesema "nipo penye miti" amepotea kweli, maana miti ipo kila mahali.

Yapo mambo matatu ambayo wageni wengi hupenda kuyaona. La kwanza ni maporomoko ya mto, yenye kimo cha meta 15 hivi. La pili ni mapango, ambayo husemwa kwamba wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo katika miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952. La tatu ni ziwa dogo lenye mayungiyungi, ambapo ndege hukaa kimya. Kwenye maporomoko na mapango, iacheni baisikeli juu na kuteremka kwa miguu. Aendaye upesi siku zote huona njia tu.

Miti nayo yafaa kuulizwa majina. Utaona mikaratusi mirefu iliyopandwa zamani kwa ajili ya kuni za injini za treni. Huo ni mti wa kigeni, asili yake Australia. Lakini iko pia miti ya asili: mihugu, ambayo mbao zake hupendwa na wachongaji wa vinyago, mikinduri, kama Wakikuyu waiitavyo, na mikuyu yenye mashina manene. Juu ya matawi hutembea kima, na mbega wenye manyoya meupe na meusi kama joho. Mbega hao wana habari yao. Kuanzia mwaka 2014 waliletwa Karura kutoka Kipipiri, upande wa Nyandarua, kwa kuwa kule walikuwa wakikosa msitu na kugombana na wakulima. Leo wanazaa hapa. Na ukienda asubuhi mapema bila kelele, pengine pongo au paa mdogo atavuka njia mbele yako.

NANI ALILIPA BEI YA NJIA HII?

Sasa, msomaji, simamisha baisikeli yako kidogo, uweke mguu chini, maana neno hili sipendi ulipite.

Njia hii uipitayo kwa raha ilikuwa karibu kupotea. Katika miaka ya 1990 sehemu kubwa za Karura ziligawiwa kwa siri watu wenye nguvu ili zijengwe majumba. Mwaka 1998 miti ilianza kukatwa na mashine za ujenzi zikaingia. Watu wengi walinung'unika nyumbani. Mmoja wa wale waliotoka nje alikuwa Profesa Wangari Maathai.

Mama huyu alizaliwa mwaka 1940 katika sehemu za Nyeri. Alisoma kwa masista wa Loreto kule Limuru, na baadaye kwa masista Wabenediktini huko Marekani. Mwaka 1977 alianzisha kazi ya kuwapa wanawake wa vijijini miche waipande, kazi iliyojulikana kwa jina la Green Belt Movement. Hakuwa na jeshi wala fedha nyingi. Alikuwa na jembe, na miche, na neno la kweli.

Tarehe 8 Januari 1999 alikwenda Karura pamoja na wenzake kupanda mti. Walikutana na kundi la watu waliokodiwa kulinda mahali hapo, wakapigwa. Wangari alipasuliwa kichwa. Alikwenda kituo cha polisi kuandikisha habari hiyo, naye alitia alama yake katika karatasi kwa damu iliyokuwa ikimtoka kichwani. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaandamana. Jiji lote likasema habari za Karura. Na mwezi wa Agosti mwaka huo huo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Majumba hayakujengwa. Mwaka 2004 Wangari alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kupewa tuzo hiyo. Akafa Septemba 2011.

Lakini msitu uliookolewa haukuwa bado msitu wa kutembelewa. Kwa miaka mingi Karura uliogopwa. Wanyang'anyi walijificha humo, na mama hakuthubutu kupita peke yake hata mchana. Sheria mpya ya misitu ya mwaka 2005 ikawaruhusu wananchi kuungana na serikali katika kutunza misitu. Mwaka 2009 raia waliokaa jirani wakafanya chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura, wakashirikiana na Idara ya Misitu. Uzio wa umeme ukajengwa. Vijana wa kijiji jirani cha Huruma, ambao watu wengine waliwatazama kwa mashaka, wakafundishwa kuwa walinzi. Nao wakaulinda vizuri. Mwaka 2011 malango yakafunguliwa kwa watu wote. Tajiri wa Muthaiga na kijana wa kibanda cha mabati wakaanza kukutana katika njia moja na kuamkiana.

Ndiyo maana nasema njia hii ina bei. Wewe walipa kiingilio kidogo langoni. Bei yenyewe ililipwa na wengine.

KABLA YA KUTOKA NYUMBANI

Tuseme sasa umekata shauri: Jumamosi ijayo utakwenda. Ijumaa jioni fanya haya.

Bonyeza tairi kwa kidole gumba. Likibonyea kwa urahisi, lijaze upepo. Inua gurudumu la mbele, lizungushe. Lisiyumbe wala lisiguse breki. Kamata breki zote mbili kwa nguvu, halafu jaribu kuisukuma baisikeli. Ikiendelea kwenda, usiondoke nayo mpaka fundi ameitazama. Mnyororo utie mafuta kidogo na kufuta yanayobaki, kwani mafuta mengi hukusanya vumbi. Funga katika mfuko mdogo viraka, gundi, vyuma vya kung'olea tairi na pampu. Pancha haina adabu. Haiulizi kama fundi yuko karibu.

Baba au mama asiye na baisikeli asivunjike moyo. Baisikeli za kukodi hupatikana hapo msituni. Ila uliza kwanza langoni habari za bei, saa za kufungua, na namna ya kulipa, maana mambo hayo hubadilika. Kofia ngumu ya kichwa ni lazima kwa mtoto, na kwa mkubwa pia. Kichwa cha mtu mzima hakikutengenezwa kwa chuma.

Chukua maji na chakula chepesi: mihogo, mayai, ndizi, mkate. Lakini kumbuka kwamba tangu tarehe 5 Juni 2020 Kenya imekataza vyombo vya plastiki vya kutumiwa mara moja katika mbuga, misitu na fukwe zilizohifadhiwa. Maji yako yatie katika chupa ya kudumu, na chakula katika chombo cha bati au kikapu. Nyanya zetu walisafiri hivyo siku zote.

KUMFUNDISHA ASIYEJUA

Ikiwa mwanao hajui kabisa, Karura ni darasa zuri, nawe huhitaji mwalimu. Teremsha kiti mpaka nyayo zake zote mbili zikanyage chini. Ukiweza, ondoa pedeli. Mwambie ajisukume kwa miguu kama bata katika njia tambarare, bila haraka. Baada ya muda utaona anainua miguu yote miwili na kuserereka. Hapo amekwisha kujifunza jambo gumu, yaani kusimama sawa; kukanyaga pedeli ni jambo dogo. Zirudishe pedeli, umwache aende.

Ukimshika, shika nyuma ya kiti, usishike usukani. Mtoto ni lazima ausikie mwenyewe. Na macho yake yatazame mbele, si gurudumu. Mtu huenda atazamako. Akianguka, usipige kelele kuliko yeye. Mfute vumbi, tazama goti, mwambie, "Vema, sasa mara ya pili." Mwenda pole hajikwai, na ajikwaaye akiinuka amejifunza.

Katika mteremko mfundishe kutumia breki zote mbili taratibu, asikamate ile ya mbele peke yake, asije akarushwa kichwa mbele.

ADABU ZA NJIANI

Pasipo motokaa, baisikeli ndiyo chombo kikubwa. Hapo ndipo tabia ya mtu huonekana. Yule ambaye jana alilalamika kwamba dereva wa basi hamjali, leo aweza kupita mbio karibu na bibi mzee mpaka fimbo yake ianguke. Je, ana tofauti gani na yule dereva? Tofauti ni ukubwa wa chombo tu. Moyo ni ule ule.

Basi: mwenye miguu apishwe kwanza. Piga kengele ukiwa bado mbali, useme "Hodi, samahani," kisha upite polepole. Penye mbwa au mtoto mdogo, punguza mwendo zaidi. Usiingie katika njia iliyokatazwa baisikeli, hata kama hakuna akuonaye. Usiwape kima chakula. Ukiwazoeza, watakuwa wezi, halafu watu watadai wauawe kwa kosa ulilolianza wewe. Usikate tawi. Usiandike jina lako katika ganda la mti. Mti hautaki kujua jina lako. Na takataka zako zote zirudi nawe nyumbani.

Mwishoni, usiende peke yako katika vijia vya mbali, na utoke kabla jua halijashuka.

NENO LA KUMALIZIA

Pengine wasema, "Mimi si mtu wa Nairobi," au "Kiingilio na nauli ya watu sita ni fedha nyingi." Maneno hayo ni ya kweli. Kwa aliye Nairobi nashauri hivi: jumuiya yenu ndogo ya mtaa ifanye mfuko. Kila nyumba itie kidogo kidogo kwa miezi mitatu. Haba na haba hujaza kibaba. Halafu kodini gari moja, mwende pamoja, mkodi baisikeli tatu au nne, na watoto wapokezane. Wakati mmoja anaendesha, wengine wapewe kazi ya kuhesabu aina za miti. Mtarudi mmejuana kuliko kwa mikutano kumi.

Na kwa aliye mbali, nauliza: hakuna msitu karibu nawe? Hakuna kilima cha kijiji, au shamba la miti la misheni, ambalo mtu fulani ameanza kulipima kwa kamba? Karura haukulindwa na malaika. Ulilindwa na watu waliokuwa na kazi nyingine za kufanya siku ile, wakaziacha.

Maandiko Matakatifu yatufundisha kwamba Mungu alimweka mtu katika bustani ailime na kuitunza. Hakumwambia aiuze. Baba Mtakatifu Fransisko alitukumbusha jambo hilo hilo mwaka 2015 katika barua yake iitwayo Laudato Si', akisema habari za dunia kuwa nyumba yetu sote. Maneno hayo yaweza kusomwa kanisani, nayo yafaa. Lakini mtoto aliyejifunza baisikeli chini ya mti wa mhugu hatahitaji kuhubiriwa sana. Siku watakapokuja tena watu na kamba za kupimia, na watu hao huja tena na tena, atasema, "Hapa nilianguka, hapa nikainuka, na baba alikuwa nyuma yangu akikimbia." Mtu hapiganii asichokijua.

Basi Jumamosi ijayo akuombapo, usiseme tena "ngoja". Tazama tairi, jaza maji, mwende.